Namna ya kupata jibu la kweli kutoka kwenye kikopo cha kohozi

Kazi yangu ni mikrobaiolojia, benchi la kifua, kwenye maabara ya hospitali moja mkoani Tanga. Ikifika saa tatu asubuhi vikopo vimeshapangana dirishani: vya TB, vya nimonia, vya wagonjwa wa wodini ambao homa imegoma kushuka. Nikivitazama tu kwenye mwanga, kabla sijafungua hata kimoja, nakwambia vipi vitatoa jibu na vipi vitatupotezea siku tatu za bure. Rangi tunazo, mashine tunayo, sahani za kuoteshea tunamwaga wenyewe. Kinachotuangusha ni mate.

Kwa hiyo nawaandikia watu wawili. Wa kwanza ni nesi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayemkabidhi mgonjwa kikopo. Wa pili ni mdogo wangu wa maabara anayekipokea. Daktari naye asiondoke, kuna kipande chake mbele.

Kumtoa mtu kohozi

Usimpe mtu kikopo ukamwambia "nenda kalete kohozi". Ataenda chooni, atatema mate, atarudi anatabasamu. Kaa naye dakika tano. Mzee akija mimi humwambia hivi: "Shikamoo babu. Babu, mate ya mdomoni siyataki, kamasi ya puani siitaki. Nataka kile kizito kinachokunyima usingizi, kinachotoka chini huku." Na ninaposema "huku" naweka kiganja kifuani pangu, juu ya mbavu. Ukigusa koo, naye atakwangua koo, na utapata ulichokionyesha.

Wakati mzuri ni alfajiri, kabla ya chai, maana cha usiku kucha kimekusanyika. Asukutue mdomo mara mbili kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Dawa ya meno na dawa za kusukutulia ziwekwe kando kwanza, zinaweza kuwaua hao hao tunaowatafuta. Kuchemsha maji kuna sababu yake pia: kwenye maji ya bomba huweza kuishi bakteria jamaa wa TB, na wakipakwa rangi kwenye slaidi wanatoka wekundu vilevile. Mwenye meno ya bandia ayavue. Kisha avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aiachie taratibu. Arudie. Ya tatu akohoe kwa nguvu ianzie tumboni, kikopo kikiwa kimegusa mdomo wa chini ili kisimwagike pembeni. Kiasi kinachotosha ni mililita 3 hadi 5, yaani kama kijiko cha chai kilichojaa. Akikosa, azunguke jengo mara moja, anywe maji ya uvuguvugu, ajaribu tena. Akikosa kabisa, arudi nacho nyumbani akalete kesho asubuhi. Kikopo kilichorudi kesho na kohozi nakipenda kuliko kilichojaa leo mate.

Mahali ni nje, hewani, mbali na foleni. Sisi wa pwani kuna jambo la upepo ambalo vitabu vya mafunzo havilitaji. Kibanda cha kukoholea kilichokaa vizuri wakati wa kaskazi kinaweza kuanza kupeleka hewa dirishani mwa wodi kusi ikiingia. Toka nje utazame kanga zilizoanikwa zinapepea kuelekea wapi, umsimamishe mgonjwa huko, wewe ubaki upande upepo unakotokea. Chooni, hapana. Hewa ya chooni haitembei, na anayeingia baada yake atavuta kilichoachwa.

Jina na namba ziandikwe ubavuni mwa kikopo. Kwenye kifuniko, hapana, kwa sababu benchini vifuniko hufunguliwa, na kifuniko hakijui kikopo chake. Na tafadhali sana, fomu isiviringishwe kwenye kikopo ikafungwa kwa rababendi. Kikopo kikivuja, karatasi hiyo hiyo inapita mikononi mwa karani, mwa mhasibu na mwangu. Fomu na mfuko wake, kikopo na mfuko wake.

Kwa mtoto mdogo

Mtoto wa chini ya miaka mitano hatemi, anameza. Ukimbana sana utapata mate na kilio. Kama tunatafuta TB, nifuate huko huko kinakoenda: maji ya tumboni yaliyovutwa kwa mrija asubuhi kabla hajala, au kinyesi, ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali kwa kipimo cha GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa TB. Wazazi hushangaa, lakini wakielezwa njia ya kohozi lililomezwa wanaelewa mara moja.

Kama ni nimonia ya mtoto, usiniletee kohozi kabisa, na usufi wa puani wa kuotesha bakteria usitegemee ukupe jawabu. Watoto wetu wengi wazima kabisa hubeba Streptococcus pneumoniae puani, yaani nimokoka, bila kuumwa. Kumkuta puani hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeko kwenye mapafu. Niletee damu ya kuotesha, iliyochukuliwa kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki. Na hata damu ikikosa kuota, kuna sababu ya kutoshangaa. Utafiti mkubwa wa PERCH, wa visababishi vya nimonia ya watoto, ulifanyika katika nchi 7, Kenya (huko Kilifi) ikiwa mojawapo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Miongoni mwa watoto waliolazwa kwa nimonia kali, aliyeongoza kwa kusababisha ugonjwa alikuwa kirusi cha njia ya hewa kiitwacho RSV, kwa takriban asilimia 31. Kirusi hakioti kwenye sahani zangu. Huko huko Kilifi, baada ya Kenya kuanza chanjo ya nimokoka mwaka 2011, magonjwa mazito ya aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimokoka tunaowahangaikia hapa chini, kwa sehemu kubwa, ni wa watu wazima.

Kipande cha daktari

Kwenye fomu kuna mstari wa "dawa alizotumia", na karibu kila siku unakuja mtupu. Hospitali ndiyo kituo cha mwisho. Mgonjwa wetu amepita duka la dawa muhimu, amenunua amoksilini za siku mbili, ameongeza azithro aliyopewa na shemeji, ndipo amekuja. Dozi chache tu zinaweza kumzuia nimokoka asiote kwenye sahani huku mgonjwa akiendelea kuumwa vilevile. Ukiniandikia hilo, nikikosa kitu sahanini nitaandika jibu tofauti kabisa na nitakaloandika nikidhani hajameza chochote. Muulize hivi: "Mama, kabla ya kuja hapa ulimeza nini?" Swali la "umetumia antibiotiki?" hujibiwa hapana, kwa sababu wengi wanaijua kwa rangi ya kidonge.

Kohozi na damu zichukuliwe kabla ya seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Lakini mgonjwa aliyeishiwa pumzi asisubirishwe dawa kwa ajili ya kikopo changu.

Safari ya kikopo

Kohozi la nimonia lifike ndani ya saa 2. Nimokoka ana tabia ya kujiyeyusha mwenyewe akikaa, Haemophilus influenzae, bakteria mwingine wa nimonia, naye ni dhaifu nje ya mwili, huku bakteria wa mdomoni wakizidi kuongezeka kwenye joto. Zikipita saa 6 tangu litoke, unapima mdomo. Ikishindikana kufika mapema, baridi ya nyuzi 2 hadi 8 ni afadhali kuliko benchi la kipindi cha kaskazi, ingawa hao wawili hawaipendi.

TB ni mvumilivu zaidi. Kohozi la GeneXpert linaweza kukaa hadi siku 3 mradi lisipite nyuzi 35. Sanduku la bodaboda lililoegeshwa juani saa saba mchana linapita hapo bila shida, kwa hiyo sanduku la baridi ni la lazima hata kwa safari fupi. Kifuniko kikazwe, kikopo kikae wima ndani ya mfuko wenye pamba ya kunyonya, mfuko ndani ya sanduku gumu.

Rangi ya Gram kwanza

Sasa mdogo wangu, kikopo kiko mbele yako. Usikimbilie sahani. Tazama. Maziwa, njano, kijani, kutu, damu, au maji yenye povu? Andika. Kisha kwa kijiti chagua kipande chenye usaha au damu, kile kinachovutika, uache majimaji. Paka jembamba, kiasi cha kusoma herufi za gazeti kupitia kioo. Acha kikauke chenyewe, halafu kipitishe juu ya moto mara tatu.

Kristali violeti dakika 1, suuza. Ayodini dakika 1, suuza. Halafu asetoni, na hapa ndipo slaidi nyingi hufia. Iinamishe slaidi, dondosha, tazama rangi ya zambarau inavyotiririka. Mara inapoacha kutiririka, maji papo hapo. Ni sekunde tu. Ukichelewa, wa zambarau wote watageuka waridi na utamwandikia mtu ugonjwa ambao hana. Ukiwahi mno, hata viini vya chembe za usaha vitabaki na zambarau; hiyo ndiyo alama yako, maana viini hivyo vinatakiwa kuwa waridi. Malizia na safranini dakika 1.

Rangi hii kwa asili ni yetu wa kifua. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliichapisha mwaka 1884 akifanya kazi Berlin na Carl Friedländer, alipokuwa akitafuta kuona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Wengine walishika zambarau, wengine waliiachia, na yeye aliona hilo ni kasoro ya njia yake. Miaka zaidi ya 140 baadaye, kasoro hiyo ndiyo tunayoitumia kuwagawa bakteria karibu wote.

Anza na lenzi ya 10. Wengi mnaruka hatua hii kwa hamu ya kuona bakteria, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Pita kwenye maduara 10 hadi 20, yaani sehemu za slaidi zinazoonekana kwa mara moja, uhesabu vitu viwili. Seli bapa za mdomoni ni kubwa, pembe pembe, zenye kiini kidogo katikati. Chembe za usaha ni ndogo, zenye kiini kilichogawanyika. Zikiwa seli bapa chini ya 10 na chembe za usaha zaidi ya 25 kwa duara, hilo ni kohozi, endelea. Seli bapa zikiwa 10 au zaidi na usaha haba, ni mate. Usioteshe. Andika: "Sampuli ina mate mengi, tafadhali leta nyingine," na piga simu wodini siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi peke yake itafika kesho. Nesi mwingine atakasirika. Mweleze kwa upole, dada, ni bora kurudia leo kuliko kutibu bakteria wa fizi kwa wiki nzima.

Kipimo hicho cha ubora ni cha nimonia ya kawaida tu. Kohozi la TB usilikatae kwa sababu ya seli bapa. Mgonjwa ambaye chembe nyeupe za damu zimeisha kwa dawa za saratani naye hana usaha wa kukuonyesha.

Kisha lenzi ya 100 na mafuta. Nimokoka wanakaa wawili wawili, zambarau, ncha zikiwa zimechongoka kama punje mbili za mtama zilizogusana, na mara nyingi wamezungukwa na ukingo mweupe, lile koti lao. Staphylococcus wako kwa vishada. Klebsiella, ambaye Friedländer alimweleza mwaka 1882, ni vijiti vinene vya waridi. Anayewaponyoka wanafunzi ni Haemophilus: vitu vidogo vya waridi, hafifu, vinafanana na uchafu wa rangi. Ukiona usaha mwingi na "uchafu" huo umetawanyika ndani na kando ya chembe za usaha, rudi uangalie polepole. Ukiona aina tano zote kwa wingi sawa, hapo uko mdomoni.

Usaha na nimokoka dhahiri? Piga simu sasa. Umeshampa daktari kitu saa moja baada ya kikopo kufika, na sahani bado hazijaingia kwenye joto.

Sahani, kondoo na mshumaa

Unahitaji sahani tatu za agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria: ya damu, ya chokoleti na ya MacConkey, ambayo ni ya vijiti vya waridi kama Klebsiella. Damu iwe ya kondoo, au mbuzi. Najua benki ya damu ina chupa zilizoisha muda na zinavutia kwa bei ya sufuri, lakini damu ya mtu inaweza kuja na kingamwili na mabaki ya dawa, na duara la kijani tunalolitafuta halionekani vizuri. Ukichukua damu ya kondoo shingoni, iingie kwenye chupa safi yenye shanga za kioo, uitikise kwa mzunguko bila kuacha hadi nyuzi za kuganda zijikusanye kwenye shanga. Ukiacha kutikisa mapema itaganda yote. Agari ikipoa hadi nyuzi 45 hadi 50 ongeza damu asilimia 5, yaani mililita 50 kwa lita. Shavu linatosha kukujulisha: chupa ikivumilika shavuni, mwaga. Ya chokoleti ni damu hiyo hiyo iliyopashwa hadi nyuzi 80. Seli zinapasuka na kutoa chakula ambacho Haemophilus hawezi kukipata kwenye damu ya kawaida.

Damu na chokoleti ziingie kwenye mtungi wa mshumaa. Chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, sahani ndani, mshumaa mweupe usio na harufu juu yake, washa, funika kabisa. Mshumaa utazimika wenyewe na kuacha hewa ya ukaa kama asilimia 3, inayowatosha nimokoka na Haemophilus. MacConkey ibaki nje ya mtungi. Nyuzi 35 hadi 37, usiku mmoja.

Kesho yake nimokoka huonyesha vijidoa vyenye kishimo katikati na duara la kijani pembeni. Tatizo ni kwamba jamaa zake wa mdomoni, wasio na hatia, wana duara la kijani hilo hilo. Tenganisha kwa kidonge cha karatasi cha optokini, mikrogramu 5: eneo tupu la milimita 14 au zaidi kwenye mtungi wa mshumaa ni nimokoka, likiwa dogo zaidi ya hapo, thibitisha kwa nyongo, ambayo humyeyusha. Optokini ilianza kama dawa. Kuanzia mwaka 1911 Wajerumani waliijaribu kutibu nimonia, ikaonekana inapofusha macho, ikaachwa. Leo imebaki kwenye vidonge vya karatasi vya kututambulishia.

Kwa dawa, weka oksasilini mikrogramu 1. Milimita 20 au zaidi, penisilini inafanya kazi. Chini ya hapo usiandike "sugu". Peleka kwenye kipimo cha kiwango cha dawa.

TB kwa ufupi

Kikiwa cha TB, GeneXpert ndiyo ya kwanza: dawa ya kuyeyusha mara 2 ya kohozi, dakika 15, ukitikisa, kisha mililita 2 kwenye katriji, na chini ya saa 2 unajua kama yupo na kama rifampisini, dawa kuu ya TB, bado inamweza. Hadubini imebaki kwa kufuatilia matibabu. Inahitaji bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo uwaone, kwa hiyo slaidi safi haimsafishi mtu. Duara 100 kabla ya kusema hakuna, na uzihesabu kweli. Huko Morogoro panya buku wa shirika la APOPO, waliofunzwa kunusa TB, wanapitia sampuli 100 kwa kama dakika 20 kwa kunusa, wakipata wagonjwa walioponyoka hadubini za kliniki. Sisi wenye macho hatuna pa kukimbilia.

Kuandika jibu

Usiorodheshe kila kilichoota. Kandida, ambaye ni fangasi, kwenye kohozi karibu kamwe si ugonjwa wa mapafu, na ukimwandika kwa herufi kubwa mtu atapewa flukonazoli, dawa ya fangasi, bila sababu. Klebsiella wachache kwa mgonjwa aliye siku ya tano ya seftriaksoni, bila usaha kwenye Gram, wana uwezekano mkubwa wa kuwa wapangaji tu. Linganisha sahani na slaidi yako ya jana: aliyeota kwa wingi awe ndiye uliyemwona kati ya chembe za usaha. Wasipolingana, iandike hiyo tofauti.

Ukipata nimokoka wa kweli, usimwache sahanini hadi Jumatatu, atakuwa amekufa. Mkwangue siku hiyo hiyo na usufi, umtie kwenye kichupa chenye maziwa yaliyotolewa mafuta na gliserini, umweke kwenye friza la nyuzi 70 chini ya sifuri. Maabara ya rufaa wakiuliza baadaye ni aina ipi na kama imo kwenye chanjo, utakuwa na cha kuwapa. Namba iandikwe kwa kalamu isiyofutwa na barafu. Sahani zilizobaki na vikopo vyote viingie otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, kabla ya kwenda kwenye tanuri la kuchomea taka.